Akili unde na kazi yako: mwongozo kamili wa kujipanga, kwa watu wa Kisumu na Magharibi

Akili unde (AI) ni programu za kompyuta, kama ChatGPT, zinazosoma, kuandika na kujibu karibu kama mtu. Swali la "je, akili unde itaninyang'anya kazi?" halina jibu la kukusaidia, kwa sababu kazi haiondoki nzima. Huchukuliwa kipande kimoja kimoja. Karani wa Sacco pale Kakamega anapokea fomu, anaingiza namba kwenye kompyuta, anaandika barua za kuwakumbusha waliochelewa kulipa mkopo, kisha anamtuliza mzee aliyefika akiwa amekasirikia riba. Kuingiza namba na kuandika barua mashine imeshaweza. Kumtuliza mzee bado sana. Anayemwambia karani huyu kwamba kazi yake imekwisha anakosea, na anayemwambia asijali anakosea zaidi.

Januari 2024, Shirika la Fedha Duniani lilikadiria kwamba akili unde itagusa asilimia 40 ya kazi duniani: kama asilimia 60 katika nchi tajiri na 26 katika nchi za kipato cha chini. Kuguswa si kufutwa. Mwaka uliofuata Jukwaa la Uchumi Duniani likasema kufikia 2030 kazi milioni 92 zitaondoka na milioni 170 mpya zitazuka. Ni sawa, lakini hesabu hizo hazimwambii fundi wa Kibuye afanye nini Jumatatu. Hatua zifuatazo ni za mtu mwenye simu, bando la kawaida na kazi anayoijua. Si lazima uwe mtaalamu wa kompyuta.

Hatua ya 1: Andika kazi yako ya wiki nzima

Chukua daftari. Kila ukimaliza jambo, liandike pamoja na muda uliotumia. Usiandike cheo, andika kitendo. Kijana wa saiba karibu na stendi ya mabasi Kisumu akifanya hivi, ukurasa wake wa siku moja unaweza kusomeka hivi:

Kuchapa barua ya kuomba kazi, dakika 40. Fotokopi za vitambulisho, hapa na pale. Kumjazia mama maombi ya cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen, saa nzima, kwa sababu jina la kwenye kitambulisho halifanani na lile la kwenye kadi ya kliniki. Kumsaidia mwalimu mstaafu kurudisha nenosiri la KRA. Kutengeneza kijitabu cha mazishi chenye picha na wasifu wa marehemu, saa tatu. Kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa.

Sasa tazama orodha hiyo vizuri. Kuchapa barua kunaondoka, tena kumeshaanza kuondoka: vijana wanafika na barua iliyoandikwa tayari na ChatGPT kwenye simu, wanachotaka ni karatasi tu. Lile jambo la majina yasiyofanana halijaguswa, kwa kuwa linataka mtu anayejua ni lini barua ya chifu inatosha na ni lini lazima uende kwa wakili kwa hati ya kiapo, na ambaye ataweza kumweleza mama huyo bila kumtisha.

Kijitabu cha mazishi ndicho kinachofundisha zaidi. Mashine itakuandikia wasifu wa marehemu kabla hujamaliza kukaa vizuri kwenye kiti, na Kiingereza chake kitakuwa kimenyooka. Lakini haijui kwamba mzee alikuwa na nyumba mbili, kwamba watoto wa nyumba kubwa hutajwa kwanza, au kwamba kuna mkwe ambaye jina lake likikosekana Jumamosi patachimbika pale bomani. Yule kijana anajua kuuliza. Anampigia simu shangazi wa marehemu Alhamisi usiku, anasoma majina moja moja, anarekebisha tahajia. Zile saa tatu hazikuwa za kuandika. Zilikuwa za kuhakikisha.

Hatua ya 2: Pima kila kipande kwa maswali matatu

La kwanza: je, vitu vinavyotumika katika kipande hiki ni maneno, namba au picha ambazo tayari ziko kwenye simu au kompyuta? Kama ndiyo, mashine inakikaribia. Kama inabidi mtu ashike, anuse, apande ngazi au aende hadi Ahero kupima, bado una nafasi.

La pili: je, kinarudiwa vilevile kila mara?

La tatu ndilo zito: kikiharibika, nani anaitwa? Mashine haiitwi ofisini, haipelekwi kwa chifu, hairudishi pesa za mteja. Popote mteja anapolipa ili awepo mtu wa kumwajibisha, pana kazi ya binadamu hata kama uandishi wote unafanywa na programu. Dhamana ndiyo bidhaa utakayokuwa unauza miaka kumi ijayo, na nadhani watu wengi wanaiuza leo bila kuitoza.

Mfano uko kwenye afya. Shirika la Jacaranda Health lina huduma iitwayo PROMPTS ambapo mama mjamzito hutuma swali kwa ujumbe mfupi wa simu. Akili unde hulisoma swali na kupanga uzito wake. Mama akieleza dalili ya hatari, swali linapelekwa mbele kwa mhudumu mwenye mafunzo ya afya ambaye humfuatilia. Mashine imechukua kupanga foleni, na mtu amebaki na uamuzi.

Na usidhani mashine inawaondoa makarani peke yao. Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuma chai huko Kericho, kwa hasira ya vibarua kupoteza kazi za mashambani. Tofauti ni kwamba mashine ya chai hununuliwa na tajiri na inaonekana ikishushwa kwenye lori, ilhali akili unde inaingia ofisini kimyakimya kupitia simu ya jirani yako wa meza.

Baada ya maswali hayo weka alama: N kwa vipande ambavyo mashine itachukua nusu au zaidi, B kwa vinavyobaki. Kama daftari lako lina N tupu, usisubiri mwaka ujao.

Hatua ya 3: Jaribu kipande kimoja tu

Chagua N moja inayokuchosha. Tumia chombo cha bure, ChatGPT au Gemini, kwenye simu uliyonayo. Nitachukua mfano wa fundi wa mageti, kwa sababu mafundi wengi wa jua kali hupoteza wateja kwenye kotesheni, yaani karatasi ya makadirio ya bei, wala si kwenye kazi. Mteja anataka karatasi. Fundi anamtumia ujumbe wa WhatsApp wenye jumla peke yake, na mteja anaenda kwa mwingine.

Andika hivi (bei ni za mfano, weka zako):

"Niandikie kotesheni ya geti ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili rahisi. Geti ni la milango miwili, upana futi 10, kimo futi 7, lenye kijilango cha watu kupita. Vifaa: mabomba ya mraba 6 kwa shilingi 1,450 kila moja, sheeti 3 kwa 3,200 kila moja, bawaba na komeo 1,800, rangi 1,500, vijiti vya kuchomelea 800. Ufundi 9,000. Usafiri hadi Ahero 1,000. Usiongeze kifaa wala bei ambayo sijakupa. Kama kuna jambo muhimu nimesahau, niulize kwanza kabla ya kuandika."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye kazi kubwa. Mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno ili zibashiri neno linalofaa kufuata. Zikikosa habari, hazina desturi ya kunyamaza. Zinajaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli. Usipoikataza, itakuongezea nguzo na zege, na bei ya nguzo hizo itakuwa imetoka hewani.

Ukiiruhusu iulize, mara nyingi itauliza mambo ambayo hugombanisha mafundi na wateja: kazi itachukua siku ngapi, nani anasimamisha nguzo, kotesheni ni halali hadi lini, malipo ya mwanzo ni kiasi gani. La uhalali lijibu kwa makini, kwani bei ya chuma haikai mahali pamoja. Kwa malipo ya mwanzo, piga hesabu mwenyewe. Vifaa hapo juu ni shilingi 22,400 na jumla yote ni 32,400. Mashine hupenda kupendekeza nusu kwa nusu. Nusu ni 16,200, ikimaanisha utaongeza 6,200 kutoka mfukoni mwako ndipo ununue vifaa vya geti la mtu mwingine. Iambie malipo ya mwanzo yasipungue gharama ya vifaa.

Ombi likishakuridhisha, lihifadhi. Geti la pili utabadilisha vipimo na bei tu. Mteja akiwa ofisi fulani ya Milimani inayotaka Kiingereza, omba nakala zote mbili.

Hatua ya 4: Kagua kama unavyohesabu chenji

Kuna vitu vinne ambavyo huwezi kuviacha bila kuvipitia: namba, majina, tarehe na sheria. Kila kuzidisha kurudie kwenye kikokotoo. Jina la mtu lilinganishe na kitambulisho. Ikikutajia kifungu cha sheria au ada ya serikali, kitafute kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Kipimo cha dawa usikichukue kwake kabisa. Nenda kwa mfamasia.

Halafu kuna ukaguzi wa macho na mikono. Wakulima wa mihogo wa Busia wana programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo IITA. Unaielekezea simu kwenye jani, inakwambia kama ni batobato, michirizi ya kahawia au wadudu, kwa Kiswahili, hata pasipo mtandao. Ni kifaa kizuri, na kwa mkulima asiyemwona afisa wa kilimo msimu mzima ni msaada wa kweli. Lakini usipige jani moja ukaridhika. Watafiti wake wenyewe waligundua kwamba jibu linakuwa sahihi zaidi ukipima majani sita ya mmea uleule. Na michirizi ya kahawia ni ugonjwa mjanja: jani linaweza kuonyesha dalili hafifu huku muhogo umeoza ndani. Ng'oa shina moja, katakata mizizi uone rangi ya nyama yake. Simu haiwezi kukukatia.

Lugha nayo ikaguliwe. Kiswahili cha mashine kimekuwa kizuri, ingawa mara nyingi husikika kama hotuba ya mgeni rasmi. Dholuo kiliingizwa kwenye Google Translate Juni 2024, lakini mtu wa Bondo akisoma tafsiri ndefu atacheka mahali. Kwa Kiluhya hali ni ngumu zaidi, maana ni lahaja nyingi chini ya jina moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo, Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu katika mradi wa Kencorpus, ili mashine zipate cha kujifunzia. Hapa kuna nafasi ambayo watu wetu wanaidharau: mashirika ya afya, kilimo na redio yatahitaji watu wa kusahihisha tafsiri za mashine kwa lugha hizi. Anayeandika Dholuo au Lubukusu kwa tahajia safi, si kuzungumza tu, ana kitu mkononi.

Hatua ya 5: Linda siri za wateja

Hatua hii ni fupi lakini ina meno. Usipakie kwenye programu hizi picha ya kitambulisho cha mteja, majibu ya hospitali, namba ya simu au taarifa ya M-Pesa ya mtu. Badilisha majina kuwa "mteja A" kabla ya kuomba msaada. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya kamishna wa kuisimamia, na malalamiko hupokewa.

Sheria hiyohiyo inakulinda wewe pia. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Programu ya mikopo ikikukatalia, au ombi lako la kazi likitupwa na kompyuta, una haki ya kuomba uamuzi huo utazamwe upya. Andika barua pepe, taja kifungu, hifadhi nakala.

Hatua ya 6: Badilisha unavyotoza kabla soko halijakubadilishia

Hapa ndipo wengi wataumia. Ukitoza kwa ukurasa au kwa saa, na mashine ikafanya ukurasa huo kwa dakika, bei itashuka tu, maana saiba ya jirani ina mashine ileile. Kwa hiyo acha kuuza uandishi. Uza jambo lililokamilika. Badala ya kumtoza mama kwa kujaza fomu ya cheti cha kuzaliwa, mpe bei moja: kukagua karatasi zake, kumwambia kinachokosekana, kutuma maombi, kufuatilia hadi cheti kitoke, na kumpigia simu. Kijitabu cha mazishi kiwe na bei inayojumuisha kusomea familia majina yote na kurekebisha mara mbili. Bei hiyo inaweza kuwa juu ya ile ya zamani na mtu akalipa bila kunung'unika.

Fundi wa mageti asipunguze bei ya geti kwa sababu kotesheni imekuwa rahisi. Faida yake ni kwamba mteja aliyeuliza saa kumi jioni anapata karatasi kabla ya chakula cha usiku.

Kama umeajiriwa, ushauri wangu ni tofauti kidogo na unaousikia kwingine. Usifiche kwamba ripoti ya siku mbili sasa inakuchukua asubuhi moja. Bosi atajua, na akijua kwa njia yake ataona saa zako ni tupu. Mpelekee ripoti mapema pamoja na pendekezo la kazi nyingine ya kundi la B uliyokuwa huna muda nayo: kuwatembelea wateja wanaochelewa kulipa, kukagua stoo, kusikiliza malalamiko. Kuna mabosi watakaochukua muda huo bure bila kukuongeza chochote. Ni kweli. Lakini utakuwa umehamia upande wa kazi unaobaki, na ujuzi huo utaondoka nao ukiondoka.

Hatua ya 7: Kazi za mtandaoni, ziingie macho yakiwa wazi

Kwa miaka mingi vijana wengi wa miji yetu, na hasa wa vyuo, walilipa kodi ya nyumba kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Ilikuwa kazi ya kuwasaidia watu kudanganya, tusiipake rangi, lakini ilinunulia watu pikipiki na ng'ombe. ChatGPT ilipotolewa Novemba 30, 2022, wateja hao walipata mwandishi wa bure, na oda zikakauka. Anayekuuzia leo akaunti ya kazi hiyo anakuuzia kiatu cha marehemu.

Iliyoongezeka ni kazi ya kufunza mashine: kuweka alama kwenye picha, kusikiliza sauti, kupima majibu. Ipo, lakini jua historia yake. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kwamba wafanyakazi jijini Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kusoma maandishi ya kikatili ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka, walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kabla ya kukubali, uliza mambo haya kwa maandishi: utasoma au kutazama vitu vya aina gani, unalipwa kwa saa au kwa kipande, kazi ikikataliwa nani anaamua, na malipo yanafika lini na kwa njia gani.

Yeyote anayedai ada ya kujisajili ili akupe kazi, mpite. Usikodi akaunti ya mtu mwingine pia. Ikifungwa, fedha zilizomo zinabaki humo na huna pa kulalamikia.

Hatua ya 8: Jifunze kwa mpangilio huu

Watu wanakimbilia kozi za akili unde kabla ya kujua jedwali la hesabu la kompyuta, kama Excel. Anza na jedwali: kuingiza mauzo, kujumlisha, kuchuja, kuchora grafu moja. Mtu anayejua hilo ataona mara moja mashine inapokosea namba. Pili, kusoma Kiingereza cha mikataba na maelekezo, hata kama hukiongei kwa madaha. Tatu ndipo chombo chenyewe, kwa kazi yako halisi kutoka kwenye daftari, si kwa mifano ya mwalimu.

Pa kujifunzia si lazima Nairobi. Serikali ina mpango wa Ajira Digital, ulioanza 2016, wenye vituo vya mafunzo ya bure sehemu mbalimbali. Kisumu National Polytechnic iko mjini, na LakeHub imekuwa ikiwakutanisha vijana wa teknolojia hapohapo Kisumu. Kabla ya kulipia kozi yoyote ya binafsi, omba kuonyeshwa kazi tatu zilizofanywa na wanafunzi waliotangulia. Wakikuonyesha vyeti badala ya kazi, rudi na pesa zako.

Na kwa mzazi anayemtafutia mtoto chuo: ukarani mtupu, wa kuchapa na kupanga faili, ungeniambia nilipe karo yake leo ningesita. Umeme, ufundi bomba, uuguzi, ukarabati wa pampu na sola, vyote hivyo vina mikono ndani yake na dhamana juu yake. Ila hata huko muulize mkuu wa chuo kama wanafunzi wanafundishwa kuandika kotesheni, kutunza hesabu na kutumia simu kutafuta mchoro wa kifaa. Kama jibu ni hapana, mnunulie mtoto daftari na umwonyeshe hatua ya tatu mwenyewe, jioni mbili kwa wiki, wakati anaendelea na masomo.